Kuifuata Karafuu: Siku Saba Unguja na Pemba

Miaka kumi na miwili nimefundisha historia hapa Morogoro, na kila mwaka nimeandika ubaoni kwamba karafuu ilikuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Zanzibar. Mkarafuu wenyewe sikuwahi kuuona. Marehemu bibi yangu mzaa mama aliuona, tena aliukwea. Miaka ya 1950, akiwa msichana, alitoka Tabora na baba yake wakavuka kwenda kuchuma Pemba, kama walivyofanya Wanyamwezi wengi wakati ule, wakakaa misimu mitatu. Hakutusimulia mengi, lakini neno moja alilirudia hadi tukalishika sote: "Pishi ya mwenye shamba ina tumbo."

Likizo fupi ya Septemba nikaamua kwenda kuona. Haya nimeyapanga nyumbani kutoka kwenye daftari langu na picha za simu.

Siku ya kwanza, Jumamosi: Dar hadi Forodhani

Boti ya asubuhi, nauli 30,000 daraja la kawaida, karibu saa mbili majini. Bahari ilikuwa tulivu. Kwa atakayenifuata: shika kitambulisho mkononi, na tiketi kata dirishani, si kwa vijana wanaokuvuta mkono nje ya geti.

Nilipoweka begi nikaenda moja kwa moja Forodhani. Watu huenda pale jioni kwa mishikaki na pweza, mimi nilikwenda mchana kwa ajili ya jina. Forodhani ni penye forodha. Hapa ndipo kila kilichoingia na kutoka kilipohesabiwa, na mkono uliohesabu haukuwa wa serikali. Sayyid Said, aliyehamisha makao yake kutoka Muscat, hakuajiri watoza ushuru. Aliikodisha forodha nzima kwa mfanyabiashara mmoja. Mkodi analipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kinachozidi ni chake. Kwa miaka mingi alikuwa Jairam Shivji, mtu wa Kutch kule India, na baadaye Taria Topan. Hao hao ndio waliomkopesha Sultani, wakawakopesha wenye mashamba, wakazikopesha na zile safari za kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Mwenye kushika mlango alishika na mkoba.

Nilikaa kwenye kingo ya ukuta wa bahari nikijaribu kuipata picha ile. Mwaka 1833 Sayyid Said aliwekeana mkataba na Marekani, ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na mwaka 1837 Wamarekani wakaweka konseli wao hapa. Meli zao kutoka bandari ya Salem zikaleta vitambaa vya pamba. Vikaenea mpaka Unyamwezi, na jina lao tunalo bado: merikani. Bibi alizikwa mwaka 2009, na sanda yake mama aliiita merikani. Sikuwahi kulifikiria neno hilo mpaka nilipokaa pale ukutani.

Nyuma ya Forodhani kuna Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Inauma kuliona vile. Mbele kidogo, upande wa bandarini, ipo ile zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa, iliyojengwa kwa fedha za Taria Topan. Ukitaka kujua faida ya forodha ilikwenda wapi, tazama zile roshani. Kisha tembea hadi Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873. Soko likafungwa, ila mashamba hayakuwaacha watu wake. Sheria ya kufuta hadhi ya utumwa ilikuja mwaka 1897, miaka 24 baadaye, na katikati hapo karafuu zilichumwa kila msimu. Wanafunzi wangu hukariri 1873. Nimeamua kuanzia sasa miaka hii miwili niiandike pamoja.

Jioni nilikula urojo wa shilingi 2,500 Darajani. Muuza kahawa aliponisikia nauliza njia ya Kizimbani akaacha birika lake, akanisindikiza hadi zinapopangwa gari, akarudi bila kutaka hata senti.

Siku ya pili, Jumapili: Mtoni na Kizimbani

Magofu ya kasri ya Mtoni yako ufukweni, kimya, minazi na kuta zilizoliwa na chumvi. Mtoni na Kizimbani ndiko inakosemekana mikarafuu ya kwanza ya Unguja ilipandwa. Anayetajwa sana ni Saleh bin Haramil al-Abri, aliyeleta miche kutoka visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, mwanzoni mwa karne ya 19. Alitajirika, na Sayyid Said akamnyang'anya mashamba. Kisha ikatoka amri kwa wenye ardhi: kwa kila mnazi, mikarafuu mitatu.

Kizimbani leo kuna kituo cha utafiti wa kilimo na mashamba ya viungo ambayo wageni hutembezwa. Kijana aliyenizungusha alinikabidhi kitumba kibichi cha karafuu. Nilikuwa nimezoea kile kijiti cheusi cha kwenye pilau. Hiki kilikuwa cha kijani kinachoelekea uwaridi, kimejaa maji, ukikibana kwa kucha kinatoa mafuta yanayochoma ulimi. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Likifunguka tu, thamani imekwenda. Basi shamba zima la miti mirefu kuliko nyumba ya ghorofa lazima lichumwe kwa wiki chache, shada kwa shada, kwa mkono. Nilipoligusa hilo ndipo nilipoelewa kwa nini zao hili lilidai watu wengi kiasi kile, na kwa nini waliokuwa na ardhi walitaka watumwa, baadaye wakataka vibarua kutoka Tabora.

Amri ya mikarafuu mitatu ilifanikiwa kupita kiasi. Kila mwenye ardhi akapanda kitu kilekile, na kufikia miaka ya 1840 bei ilikuwa imeporomoka. Wenye mashamba wakaendelea kukopa ili kulipia uchumaji, wakiweka rehani msimu ambao haujafika. Halafu, Aprili 1872, kimbunga kikapiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo shamba na Unguja ndiyo ofisi, na ukitembea visiwa vyote viwili utaona kwamba mgawanyo huo haujafutika.

Wa kufuata nyayo: kutembezwa Kizimbani nililipa 15,000 peke yangu. Mkiwa watatu au wanne mnashuka hadi chini ya nusu. Hamam za Kidichi ziko jirani, unganisheni siku moja.

Siku ya tatu, Jumatatu: siku iliyoliwa na chombo

Tuliambiwa kufika gatini saa moja asubuhi kupanda chombo cha Pemba. Saa nne tukaambiwa kuna hitilafu. Saa nane tukaambiwa kesho. Saa kumi jioni tukaambiwa usiku huohuo. Hakuna aliyetoka kutueleza uso kwa uso. Tulisikia kwa wapagazi, nao walisikia kwa walinzi. Nililipa nauli ya 35,000, na nilikasirika kwa niaba ya wagonjwa wawili waliokuwa wakirudi kwao kutoka matibabuni, wamelazwa juu ya maboksi.

Mama mmoja wa Mkoani, mwenye mtoto wa miezi minane, alitandika mkeka akaniita. "Njoo ukae, mwanangu, bahari haina haraka nasi." Akafungua mkate wa kumimina na chupa ya chai. Ndani ya chai ile zilielea karafuu mbili. Tuliondoka karibu na saa nne usiku.

Siku ya nne, Jumanne: Mkoani hadi Chake

Alfajiri gati la Mkoani lilikuwa na harufu. Nilidhani ni mizigo, kumbe ni kisiwa chenyewe. Msimu ulikuwa umeanza na karafuu zilianikwa hadi kwenye nyua za nyumba zinazotazama bandari.

Gari 603 kwenda Chake nililipa shilingi 2,500, kama kilomita 30 za vilima na mabonde. Kaa upande wa kushoto. Kila kilima kimevaa mikarafuu, na chini yake ni migomba na mihogo, na mabondeni mpunga. Pemba haina tambarare kubwa, na kwa mtu wa Morogoro aliyezoea mashamba ya miwa yanayofika upeo wa macho, huu ni ukulima wa namna nyingine kabisa.

Chake nyumba ya wageni niliyoweka nafasi kwa simu ilikuwa imempa chumba changu mtu mwingine. Mwenye duka la jirani alipiga simu mbili, nikapata chumba cha 40,000 chenye chandarua na chai ya asubuhi. Piga tena siku moja kabla ya kufika, hasa msimu wa karafuu, maana vibarua na wafanyabiashara hujaza vyumba.

Mchana nikaenda Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu. Zamani nilidhani ni takataka. Yanajazwa kwenye matangi makubwa, mvuke unapitishwa kutoka chini, unatoka na mafuta, unapoozwa, na mwishoni kuna chombo cha kutenganisha. Fundi aliniinamisha nitazame. Mafuta yote niliyowahi kuyaona huelea juu ya maji. Haya yalikuwa yamezama chini, ya rangi ya asali, na maji meupe juu yake. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Dawa iliyomo humo, eujenoli, ndiyo ile unayoinusa kwa daktari wa meno.

Nilisimama pale muda mrefu. Kiwanda kile ni jibu la swali ninalowauliza wanafunzi kila mwaka, kwamba nchi ifanye nini na zao lake kabla halijapanda meli. Zanzibar iliuza karafuu kavu kwa karne nzima na nusu kabla ya kuanza kusindika makonyo kwa kiwango hiki. Ni jibu sahihi lililochelewa, na bado ni dogo mbele ya magunia yanayoondoka kama yalivyo.

Siku ya tano, Jumatano: mvua njia ya Wete

Nilipanda gari 606, ile inayopita njia ya zamani ya Chake hadi Wete. Ni ndefu kuliko ilivyo kwenye ramani kwa sababu ya kona, na ni nzuri kuliko barabara yoyote niliyowahi kupita. Pande zote mbili, ukingoni mwa lami, majamvi yalikuwa yametandazwa na karafuu juu yake. Zilizoanikwa leo ni za kijani na nyekundu, za jana kahawia, za juzi karibu nyeusi. Unasoma siku kwa rangi.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia mvua iliposhuka bila kutoa taarifa. Dereva alifunga breki. Konda akaruka. Nikafikiri tairi limepasuka, lakini abiria wote walikuwa wanateremka mbio, wazee kwa vijana, na mimi nikafuata. Kikongwe mmoja alikuwa peke yake na majamvi sita. Tulikamata pembe nne za kila jamvi, tukakunja katikati, tukabeba kama tunavyobeba mgonjwa, hadi barazani kwake. Mwanamume aliyevaa suti, ambaye njia nzima alikuwa akizungumza na simu, alipiga magoti kwenye matope kuokota zilizomwagika, moja moja. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye nini. Tulimaliza katika dakika zisizozidi tano, wote tumelowa chepechepe, na dereva hakupiga hata honi.

"Zikilowa zinaota ukungu," alinieleza kikongwe, "na zikiota ukungu daraja linashuka, na daraja likishuka ndiyo ada ya skuli ya mjukuu imekwenda." Akachagua karafuu moja ya juzi, akaivunja kwa kidole gumba karibu na sikio langu. Ikalia *tak*. "Ikilia hivi imekauka. Ikipinda, bado." Akanivunjia ya jana nisikie tofauti. Ikapinda.

Gari lilinisubiri. Nilimwambia kikongwe kwamba bibi yangu alichuma kisiwa hiki. Akanitazama. "Basi kesho uje shambani, mwanangu. Umechelewa, lakini uje."

Wete nilifika saa saba. Mji umetulia juu ya kilima, bandari chini. Nililala chumba cha 35,000 na nikala muhogo wa nazi na samaki kwa 5,000. Usiondoke Wete bila halua.

Siku ya sita, Alhamisi: shambani, kisha kituoni

Sikulala vizuri kwa hamu. Saa moja asubuhi kijana wa bodaboda (4,000) alinishusha kwa kikongwe, na mjukuu wake akanipeleka shambani.

Mchumaji hukwea akiwa na pakacha na upembo, fimbo yenye ncha iliyopinda. Kwa upembo anauvuta utanzu wa nje ambao hauwezi kumbeba, anauchuma, anauachia taratibu, maana tawi likivunjika msimu ujao nao umevunjika. Mti una matawi mepesi na unafika juu sana. Kila msimu watu huanguka. Niliwauliza wachumaji wanne, na wawili walinionyesha makovu. Chini ya mti wanawake na watoto walikuwa wakichambua, wanapitisha shada kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule, upesi kuliko jicho langu. Nilichambua saa mbili, nikapata kidogo mno, na vidole vikabaki vyeusi hadi Jumamosi.

Mchana pishi ikaletwa. Ni kopo la bati, vibaba vine, na wiki ile mchumaji alikuwa akilipwa 1,500 kwa kila moja. Msimamizi alijaza kopo hadi ukingoni, kisha akaendelea kumimina mpaka juu pakawa na kilima, na kilima kile hakikuandikwa popote. Nilimwona mchumaji akikitazama kilima kile bila kusema neno. Ndilo tumbo alilolitaja bibi. Miaka yote nilikuwa nikilisikia kama methali, kumbe alikuwa anaeleza kipimo.

Tulikula ndizi mbichi za nazi chini ya mti. Kikongwe aliniambia eka tatu hizi zilifika kwao baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilipochukua mashamba makubwa na, kuanzia 1965, kuyagawa eka tatu tatu. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba hilohilo. Alipoonyeshwa mipaka yake, alilala shambani usiku ule. "Akiogopa asubuhi wangebadili mawazo," alisema kikongwe, na alilia kidogo aliposema hivyo.

Lakini kugawa ardhi ni jambo moja, na bei ni jambo jingine. Kabla ya Mapinduzi Waingereza walikuwa wameanzisha chama cha wakulima wa karafuu mwaka 1927, na mwaka 1937 wakakipa nguvu ya kuwa mnunuzi pekee, kwa hoja ya kuwaokoa wenye mashamba na madeni ya wakopeshaji wa Kihindi. Wafanyabiashara wakagoma, India nayo ikasusia karafuu za Zanzibar, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kukubali mapatano. Baada ya Mapinduzi mnunuzi pekee akarudi kwa sura ya shirika la taifa. Miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda, na fedha za karafuu zikaisaidia serikali kujenga na kuanzisha televisheni ya rangi mapema kuliko majirani. Wakati huohuo chakula kutoka nje kilibanwa, na mchumaji wa Pemba alipokea sehemu ndogo tu ya kile mlaji wa Indonesia alicholipa. "Tulikuwa na karafuu ghalani na foleni ya mchele," alisema kikongwe. Ninaiamini sentensi hiyo kuliko kitabu chochote nilichonacho.

Indonesia ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa, kwa ajili ya sigara zake za kretek, zinazochanganywa na karafuu. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake yenyewe, ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Hapo ndipo visiwa vikalazimika kufungua biashara. Mwaka 1984, chini ya Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Zanzibar wakati ule, wafanyabiashara wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, maduka yakajaa tena. Mwishoni mwa muongo huo mwani ukaanza kulimwa pwani, na leo wageni wa mahoteli wanaingiza fedha kuliko karafuu. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa na unaweza kuishi zaidi ya 100. Bei hubadilika mara nyingi katika umri wa mti mmoja. Mwenye eka tatu hawezi kung'oa na kupanda upya kila soko linapogeuka, na watu wanaopanga uchumi wetu wanapaswa kulijua hili kabla hawajamwita mkulima mvivu.

Saa tisa tulibeba magunia mawili hadi kituo cha ununuzi. Karani anatia mkono hadi katikati ya gunia, anatoa kiganja, anakagua makonyo yaliyosalia, ukungu, rangi, kisha anavunja chache. Palepale nikasikia *tak*. Daraja la kwanza, mzani, risiti, fedha. Wazee waliokuwa wakisubiri walisema hali ni nzuri kuliko ya ujana wao. Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipandishwa kwa kiasi kikubwa, na kuna miaka iliyofuata kilo ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa 14,000. Magendo yakapungua, maana yeyote anayelipwa vizuri nyumbani hana sababu ya kuvuka usiku kwenda Shimoni, pwani ya Kenya.

Nililiuliza sana suala la magendo, na nililala nikiliwazia. Waholanzi waliwahi kuifungia karafuu katika visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, wakaikata mikarafuu iliyoota nje ya mipaka yao ili bei isishuke. Mwaka 1770 miche ilitoroshwa kwa siri na watu wa Mfaransa Pierre Poivre, ikafikishwa Mauritius, na kizazi chake ndicho kilichokuja kupandwa Kizimbani. Kwa hiyo zao ambalo Zanzibar imelilinda kwa sheria na adhabu kali lisingekuwa hapa bila magendo. Kila aliyejaribu kuwa mnunuzi pekee alikuwa na sababu nzuri, na kila mara bei ya shambani iliposhuka mno, karafuu ilipata mashua.

Tahadhari kwa wageni: usinunue karafuu vijijini hata ukipewa kwa bei ya urafiki. Ununuzi wa karafuu unabanwa na sheria, na unaweza kumtia mwenyeji wako matatani. Nunua pakiti dukani, Unguja au Chake, na utunze risiti.

Kuagana kulikuwa kugumu. Kikongwe alinifunga leso yake mpya mabegani, nami sikuwa na kitu cha kumpa isipokuwa picha ya bibi iliyokuwa kwenye pochi. Alikataa kuichukua. Alisema ataiona siku nitakayorudi na mama.

Siku ya saba, Ijumaa: kurudi

Chombo kiliondoka kwa wakati. Unguja saa saba, Dar magharibi, basi la usiku, Morogoro saa saba ya usiku. Jumla ya safari, na zawadi ndani yake, ni 410,000.

Jumamosi mama alipika chai. Nikamimina mezani pakiti niliyonunua Mji Mkongwe, nikaanza kusimulia habari ya kopo na kile kilima. Alikuwa ananisikiliza huku mkono wake ukizichezea karafuu. Akachukua moja, akaiweka karibu na sikio, akaibana kwa kidole gumba. Hakuna aliyemfundisha mbele yangu. Ilipinda. Akachukua nyingine, ikapinda.

"Hizi wamekuuzia mbichi," alisema, akainuka kwenda kutafuta ungo wa kuzianikia.